Benchi la Wageni la Papa Baharanyi

Kama hujawahi kukaribishwa na Papa Baharanyi mlangoni mwa kanisa la Anglikana la Katoyi, basi bado hujakaribishwa popote, hata siku ya harusi yako. Yeye ndiye mkuu wa protokole pale, yaani mpokea watu. Siku ya Mungu, Jumapili asubuhi, utamkuta juu ya ngazi za mawe ya volkano, suti ya kahawia imenyooshwa mpaka inzi wanaiogopa, utepe wa kijani begani, viatu vinang'aa katikati ya vumbi jeusi linalochafua viatu vya Goma nzima isipokuwa vyake. Atakushika mkono kwa mikono yake miwili, atakuuliza habari za watoto hata kama huna, na kabla hujajibu umeshakalishwa.

Na kanisa lenyewe, usiulize! Wazee walilijenga kwa mawe meusi, wakiyabeba kichwani. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilipomwagika, moto ulimeza nyumba na maduka, ukafika kwenye jiko la pasta, ukageuka. Papa Baharanyi huwaonyesha wageni mahali ulipogeukia. Zamani alionyesha nyuma ya jiko. Siku hizi anaonyesha chini ya dirisha la kwaya, na tukiendelea hivi, mwaka ujao volkano itakuwa imeingia ndani, imekaa, imesikiliza mahubiri.

"Papa, si ulisemaka ni ku jiko?" Pasta Théoneste humchokoza.

"Pasta, wewe ulikuwa ungali unanyonya. Acha wenye walikuwa hapa waseme."

Lakini fahari yake kuu ni benchi la wageni. Liko mbele kabisa, la mbao nzito, limefunikwa kitambaa cheupe. Kila ibada anapaza sauti: "Wageni wetu wasimame!" Wanasimama, wanasema majina na wanakotoka, kwaya inawaimbia, wamama wanapiga vigelegele, kisha wanakunywa chai ya maziwa kwa pasta. Ila tangu vita vifunge barabara na ndege ziache kutua, wageni walipungua. Papa Baharanyi kuona benchi tupu mbele ya kanisa lake? Heri umwambie apite sokoni Birere bila suruali.

Hapo ndipo alipompata Mama Mukabalisa.

Mama huyu alikimbia milima ya Masisi, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, mwishowe akapanga chumba Katoyi. Mrefu, mtulivu, kitambaa kimefungwa begani kwa namna ya kwao. Ukimweka mbele, kanisa zima linapendeza. Mara ya kwanza Papa Baharanyi alimkalisha kwenye benchi, akaimbiwa, akanywa chai, akalia kwa furaha. Siku ya Mungu iliyofuata akamkalisha tena. Na iliyofuata. Mvua zikaanza, mvua zikaisha, Mama Mukabalisa bado mgeni. Wanakwaya walimwimbia mpaka wakaanza kumwonea haya.

Kisha wakaja watu wa Bukavu. Walivuka ziwa kwa boti kuja kulitazama kanisa letu maarufu, na aliyewaongoza ni Mama Victoire, mwalimu mstaafu mwenye miwani minene. Walikuwa watatu tu. Papa Baharanyi aliliangalia benchi, akaona nafasi zilizobaki zinamkodolea macho. Akamfuata Mama Mukabalisa, ambaye siku hiyo alijificha kati ya wamama wa nyuma.

"Mama, simama twende. Nafasi yako iko mbele."

"Papa, leo uniache hapa."

"Aa, mama! Unataka nipate haya mbele ya watu wa Bukavu?"

Akamshika kiwiko kwa adabu zote, akampeleka.

Saa ya wageni ikafika. Mama Victoire na wenzake wakasimama, wakajitambulisha. Mama Mukabalisa hakusimama. Papa Baharanyi akampandishia nyusi. Akakohoa. Akainua kiganja kidogo kidogo, kama mtu anayefunua sufuria.

"Mama, ni zamu yako," akanong'ona, na kunong'ona kwake husikika mpaka barabarani.

Ndipo akasimama.

"Mimi naitwa Mukabalisa. Munajua, nimelisema jina langu kila siku ya Mungu. Natoka hapa nyuma tu, ku kisima. Munaniimbia, munanipa chai, aksanti sana. Lakini kila Jumamosi, siku ya posho, munafanyaka salongo, munafagia, munaosha kanisa, na hakuna mwenye aliniita. Mama Uwingabire wa kwaya alipofiwa, wamama walipeana zamu za kupika. Mimi waliniletea kiti." Akavuta pumzi. "Nyumba yangu ilibaki Masisi. Ng'ombe zilibaki Masisi. Papa Baharanyi, kama na hapa ningali mugeni, uniambie leo. Nitatafuta kanisa lenye litanipa kazi."

Wanakwaya walikuwa wameshafungua midomo kumwimbia. Wakaifunga.

Papa Baharanyi hajawahi kukosa jibu. Hata pale alikuwa nalo tayari: angesema mama anatania, watu wa Bukavu wangecheka, benchi lingebaki na sura nzuri. Lakini aliitazama ile mikono iliyokamua ng'ombe maisha yote, ikining'inia bila kazi. Hakuwahi kumfukuza mtu kanisani, na sasa alikuwa anamfukuza huyu kwa kumkaribisha.

"Mama, unisamehe," alisema, safari hii kwa sauti ndogo kweli. "Nilitaka benchi ijae. Wewe sikukuuliza." Kisha akajikohoza, akarudi kuwa Baharanyi. "Rudi kwa wamama wenzako! Na siku ya posho, asubuhi, kuja na fagio. Usipokuja nitakufuata ku nyumba!"

"Nitaleta yangu," mama akajibu akiwa njiani. "Ya hapa niliiona. Inapaka vumbi, haifagiaki."

Kanisa likalipuka kwa kicheko, na vigelegele vilivyofuata hakuna mgeni aliyewahi kuvipata. Papa Baharanyi akawageukia watu wa Bukavu, kifua mbele.

"Munaona benchi yetu iko na nafasi? Hapa Katoyi mugeni hadumu. Ukigeuka kidogo, ameshakuwa wa nyumba, anakugombeza!"

"Basi sisi tuchunge boti yetu," Mama Victoire akasema, "tusije tukabakizwa."

Jumamosi, Mama Mukabalisa alikuwa amepandisha kitambaa kiunoni, anasugua ngazi na kuwakosoa wamama wote, kulia na kushoto. Maji yalipomwishia akageuka, akamwona mkuu wa protokole amesimama anatazama.

"Papa Baharanyi! Unangoja wakuimbie? Lete maji."

Akabeba ndoo, akashuka kisimani. Na kila mtu aliyekutana naye njiani, Papa Baharanyi, tai imelegea na suruali imekunjwa magotini, alimsimamisha amwambie: "Umeona? Mama yetu wa kanisa ananituma. Mimi, Baharanyi!"