Mwito wa Tatu wa Baragumu

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa, nakujibu: sikunywa. Wakati ule hata chai ilikuwa shida, pombe ningeitoa wapi? Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Bigo, mjini Bunia, katika vita, tena mchana. Usiponiamini sitagombana nawe. Sikiliza tu mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa redio. Rafiki yangu alikuwa Mwalimu Faustin wa Shari, kiongozi wa fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia, mtu mwembamba mwenye koti moja la Jumapili. Alikuwa na santuri aliyoachiwa na padri mmoja mzee: simfoni ya Mjerumani wa karne ya kumi na tisa, watu karibu mia wanapiga vyombo pamoja na hakuna anayeimba. Mimi nilikuwa na simfoni ileile kwenye kaseti, niliyoinasa kutoka redio ya ng'ambo, imepigwa na orkestra nyingine. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwangu. Tulisikiliza yake, kisha yangu, halafu tunabishana mpaka mke wangu anatufukuza nje na viti vyetu. Utacheka, watu wazima wawili kugombania Mjerumani aliyekwisha kuoza zamani!

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya mahali pamoja tu. Katika sehemu ya pili, ile ya polepole, baragumu linaita mara tatu, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kwenye kaseti yangu miito yote mitatu inafuatana vizuri, haraka. Kwenye santuri yake, baada ya mwito wa pili mpigaji ananyamaza. Ananyamaza sana. Unadhani amesahau, ndipo wa tatu unakuja, mdogo, wa mbali.

"Huyu wako analala," nilikuwa nikimchokoza. "Mutu anaita hivi, nani atamufungulia?"

"Papa Neema, weye huna sikio," alikuwa akinijibu, kwa jina la binti yangu wa kwanza. "Pale katikati njo anaomba." Kwetu "njo" ni kama "ndiyo" au "ndipo".

Kisha vita vikaingia mjini. Mabwana walikuwa wakibadilika. Mwezi huu kundi hili, mwezi ujao lile, na kila kundi lilikuwa na watu wake wa kuwinda. Faustin alikuwa mtu wa Djugu, wa kabila lililowindwa upande wetu. Siku aliyowatoa mkewe na watoto kuwapeleka Bambu kwa wakwe zake, alipita kwangu akaniachia santuri. "Nitarudi kuchukua hii," akasema. "Usiisikie peke yako, utaiharibu na kiburi yako." Wiki mbili baadaye mke wangu na watoto walivuka ziwa kwenda Uganda. Mimi nikabaki kulinda nyumba. Kulinda nini? Redio mbovu kumi na moja na sufuria. Nilikaa siku nyingi bila kusikia jina langu, na nakuambia kweli, upweke ule unauma kuliko njaa.

Sasa nifuate vizuri hapa. Bibi yangu alinifundisha, na wengi kwetu watakuambia hivyohivyo: ukiitwa giza linapoingia na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja mpaka mara ya tatu. Mzimu huita mara mbili tu, mtu hai huita tatu. Wakati wa vita hata wasioamini mizimu waliishika sheria hiyo, kwa sababu wenye bunduki nao hawakuwa na subira ya kuita mara tatu. Wao walivunja mlango.

Jioni moja ya kiangazi, kama saa kumi na mbili na nusu, nilisikia nje: "Papa Neema."

Nikaacha kula. Sauti ilikuwa ya chini, sikuitambua. Nikazima taa ya mafuta.

"Papa Neema."

Nilikuwa nimesimama, mkono uko juu ya komeo. Nikangoja mwito wa tatu. Nilingoja mpaka ugali ukapoa, mpaka mbwa wa jirani akanyamaza. Haukuja. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimemshinda mzimu, nikalala.

Asubuhi jirani yangu, Mama Ushindi, aliniambia vijana wa mtaa wamezika mtu waliyemkuta kwenye mtaro, chini kidogo ya nyumba yangu. "Hatumujue," akasema. Mimi sikuuliza amevaa nini. Wewe ungeuliza?

Zikapita wiki nyingi, mvua zikaanza. Jumapili moja ilinyesha tangu alfajiri, barabara ikawa tope tupu, hakuna misa wala mtu njiani. Mchana moyo ulinishinda. Nikafunga komeo, nikaunganisha mashine ya santuri na betri ya pikipiki, nikaweka santuri ya Faustin. Ndiyo, nilivunja agizo lake. Nilitaka kusikia watu, hata kama ni Wazungu wa mbali na vinanda vyao.

Sehemu ya pili ilipoanza nikasikia: "Hodi."

Mara moja tu. Na safari hii sikungoja, nilitoa komeo. Alikuwa Faustin, na koti lake la Jumapili.

"Mwalimu!" Nilitaka kumkumbatia, akapita akaenda kukaa kwenye kiti chake kilekile. Nikafunga mlango mvua isiingie. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga. Nikaanza kuchochea makaa, nikaongea juu ya watoto, juu ya betri. Nilipoinama kumsogezea kikombe ndipo nikaona viatu vyake. Vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi jekundu. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati tangu alfajiri.

Nikajua huyu si mtu hai tena. Lakini nitakuambia jambo la aibu: sikutaka aondoke. Heri yeye kuliko kiti kitupu.

"Mwalimu," nikasema, "ile jioni, njo weye?"

Akainua kidole kuniambia nisikilize. Baragumu likaita. Akaonyesha kidole kimoja. Likaita tena. Vidole viwili. Kisha kile kimya kilichokuwa ugomvi wetu. Nikangoja. Vinanda viliendelea chini chini, sindano ikazunguka, na mwito wa tatu haukuja.

"Njo mimi," akasema, bila hasira. "Walinipiga risasi ya tumbo mu njia ya kurudi. Nikatambaa mpaka kwako. Nikakuita mara mbili. Ya tatu nilivuta pumzi, haikutoka."

"Nisamehe."

"Batoto iko Bambu, wanangoja habari. Ambia mama yao mahali niko."

Nilijifunika uso nikalia kama mtoto. Nilipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, nilivyoliacha.

Nilitoka mvuani mpaka kwa Mama Ushindi. Nikamuuliza lile swali nililolikimbia. "Alivaa koti," akasema. "Na mu mufuko ilikuwa ile kitu ya kupulizia, ya tarumbeta. Tulimuzika nayo."

Vita vilipopoa nilituma habari Bambu, mjane wake akaja. Nilimpeleka kaburini, nikamjengea msalaba kwa mikono yangu. Kwamba sikumfungulia mlango, hilo sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia.

Wangu nao walirudi. Siku moja nilimwekea Neema santuri ile, nikamwambia ahesabu miito ya baragumu. "Tatu, papa," akasema. Nikamwita fundi mwenzangu, naye akasikia tatu. Nimenunua nakala nyingine ya santuri hiyohiyo kutoka Kampala. Ile inaita tatu, kaseti yangu inaita tatu. Santuri ya Faustin, kwa masikio yangu, inaita mbili mpaka leo. Kila Jumapili naiweka, na baada ya mwito wa pili nainuka kwenda kufungua mlango. Mke wangu amezoea.

Kwa hiyo ukiitwa, ndugu yangu, itika. Ogopa ukitaka, shika panga ukitaka, lakini itika. Aliyeniita mara mbili alikuwa mtu hai aliyekuwa akifa. Aliyeita mara moja nikamfungulia mbio, huyo ndiye alikuwa mzimu.