Niliifundisha Mashine Kusema Iko Tayari

Ndugu msomaji, mimi ndiye mwenye kosa. Naanza hivyo ili usije ukanionea huruma katikati ya safari. Mtu amekufa, mtu mwingine amebeba lawama yangu, na mimi bado naamka, nakunywa chai, naenda kazini. Jina langu silitaji. Mwoga ni mwoga hata akiungama!

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Karatu, kwenye shirika dogo la afya ya mifugo. Wafugaji wa Ngorongoro wakiona mzoga wa mashaka wanatupigia simu, na taarifa inaingia kwenye mashine. Mfugaji mwingine akitaka kuhamisha ng'ombe, anatuuliza kwanza kama huko aendako kuna kimeta. Ugonjwa ule ni balaa. Nyumbu akifia mahali, vijidudu vinakaa kwenye udongo miaka na miaka. Ng'ombe akila nyasi za pale anakufa, na anayemchuna naye yuko hatarini.

Taarifa zilipokuwa nyingi nikafunga seva ya kutafutia. Hiyo inasoma taarifa zote na kujitengenezea faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu. Unaandika jina la mahali, majibu yanakuja papo hapo. Tabu yake ni kuiwasha. Umeme wa huku mnaujua! Ukikatika, lazima uiwashe upya kwa amri ndefu za Kiingereza, na ikigoma inatapika maandishi mekundu skrini nzima.

Aliyekuwa akipokea simu za wafugaji ni dada Paskalina, mama wa makamo, jirani yetu kule Endamarariek. Tunasali kanisa moja. Akiona yale mekundu ananipigia. "Mdogo wangu, limekasirika tena hili!" Niko shambani, ananipigia. Niko msibani, ananipigia. Nikachoka.

Basi nikaandika skripti, yaani programu ndogo ya kuwashia. Unabonyeza mara moja tu, inakusalimia kwa Kiswahili: "Habari za asubuhi! Subiri kidogo." Halafu yanatokea maandishi ya kijani: "Tayari. Kazi njema." Ofisi nzima walinishangilia. Paskalina aliniletea kuku. Jamani, sifa zinalevya!

Lakini faharasa ikiharibika seva bado ilikataa kuwaka, na simu zikaendelea. Ndipo nikajifanya mjanja. Niliongeza mistari michache: seva ikigoma, skripti iiweke kando faharasa iliyoharibika, iwashe mpya isiyo na kitu ndani, kisha iandike vilevile, "Tayari. Kazi njema." Wao wasijue chochote. Mimi peke yangu nitumiwe ujumbe kwenye simu, nije nijaze faharasa nikipata nafasi.

Mnaona nilichofanya? Mpaka nitakapofika, mtu akitafuta chochote anajibiwa kwa upole, "Hakuna taarifa." Nilijua hivyo. Nikajiambia ni saa chache tu, nani atakufa?

Ilitokea mara tatu, hakuna aliyegundua. Mara ya nne nilikuwa Mang'ola kwenye kishamba changu cha vitunguu, na lori la mnunuzi lilikuwa limeshafika. Saa tatu asubuhi ujumbe ukaingia kwamba faharasa ni tupu. Niliusoma. Nasema niliusoma! Nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kufunga magunia. Kumpigia Paskalina nimwambie "dada, leo usitafute" kungenichukua dakika moja. Ila angeuliza kwa nini, na wangejua skripti yangu inadanganya.

Saa nne hivi mzee Koyaki, mfugaji wa Nainokanoka, akapiga simu ofisini. Paskalina mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Mama, kule bonde la juu nyasi iko mingi. Ugonjwa iko?"

Paskalina akatafuta. "Hapana baba, hakuna taarifa yoyote."

"Ashe, asante mama. Mungu akubariki."

Taarifa zilikuwepo. Tatu! Pundamilia mmoja na nyumbu wawili, bonde lilelile.

Jioni nikarudi, nikajaza faharasa, nikaufuta ule ujumbe wa saa tatu kama nilivyozoea. Sikuuliza kama kuna aliyepiga simu.

Mzee Koyaki akahamishia ng'ombe wake bonde la juu, na siku chache baadaye mtamba wake mmoja akaanguka ghafla akafa. Mzee hakuwa mjinga, siku nyingine angeuogopa mzoga wa namna ile. Lakini alikuwa ameuliza, na ofisi ilikuwa imemjibu. Akamchuna kwa mikono yake. Kikatoka kidonda mkononi, katikati cheusi. Huko magari ni ya kuhesabu, na alipofikishwa hospitali alikuwa amechelewa. Amekufa. Na ng'ombe wake tisa wamekufa.

Habari ikafika ofisini kwamba marehemu alikuwa ametuuliza kwanza, bosi akatuita. Akakaa kwenye mashine ya Paskalina, akaandika jina la bonde. Taarifa tatu zikaja.

"Sasa ulimwambiaje marehemu kwamba hakuna?"

"Bosi, nilitafuta. Iliniambia hakuna."

Bosi akanigeukia. "Fundi, hii mashine inaweza kukosea?"

Ole wangu! Paskalina alikuwa ananitazama kwa matumaini kabisa, maana mle ndani ni mimi tu niliyeijua ile mashine. Nikasema, "Mashine haikosei, bosi. Labda alibonyeza kitu kwa bahati mbaya."

Aliachishwa kazi wiki ileile. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, "Asante mdogo wangu. Wewe angalau umesema bahati mbaya."

Kibaya zaidi, ameamini! Kila tukikutana ananiuliza, "Labda nilikuwa na haraka siku ile? Haya mambo ya kompyuta mimi sikuyazoea." Amekonda. Kwaya ameacha. Mwezi uliopita alinunua blanketi na sukari, akaniomba nimpeleke kwa mjane wa mzee Koyaki akaombe msamaha. Nikaazima gari. Njia nzima ukungu, na yeye anasali kwa sauti ndogo kwa Kiiraqw pembeni yangu.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akamtemea mate kidogo kichwani, ndiyo baraka ya kwao. "Nimekusamehe. Usirudi nyumbani na huu mzigo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyemleta, uko na moyo mzuri. Inama."

Nikainama! Nikapokea baraka ya mwanamke niliyemfanya mjane!

Tangu siku hiyo kila kitu kinanitisha. Ile skripti niliwagawia mafundi wenzangu wakati ule wa sifa. Najua iko kwenye zahanati moja, iko kwenye ghala la dawa, na wao nao wamewagawia wengine nisiowajua. Nimewaandikia waifute. Mmoja akanijibu, "Kaka, mbona inafanya kazi vizuri tu? Haijawahi kutusumbua." Ni asubuhi ngapi watu wanaandikiwa "kazi njema" na kitu kitupu?

Wewe unayewatengenezea watu mashine, usiifundishe adabu ya kuficha. Iache igome, iache ipige kelele, wakusumbue hata msibani. Na wewe unayetafuta, ukiambiwa hakuna, tafuta kwanza kitu unachojua kwa hakika kipo. Nacho kisipoonekana, usimjibu mtu yeyote neno lolote. Na ukishakosea, sema siku ileile! Mimi nilingoja kesho, na kila kesho ilikuja na uongo wake.

Msidhani nimeshatubu kwa kuandika haya. Jana Paskalina alinipigia. Amezungumza na mchungaji, na Jumapili atasimama mbele ya kanisa kutubu kwamba ameua mtu. Anaogopa miguu itamwishia nguvu, kwa hiyo ameniomba nisimame pembeni yake nimshike mkono.

Nimemwambia nitakuja.