Mzinga Unaochelewa Kusimama

Anayesema mzee Kalisti wa Ugalla alikuwa mwongo hakuonja asali yake. Mzee yule hakupanda mti kukagua mizinga. Alisimama chini na ufito uliopita mnara wa kanisa kwa urefu, akausukuma mzinga uliotundikwa kwa kamba ya magome, akautazama ukibembea huku midomo yake ikicheza Salamu Maria. Kisha alikuonyesha kwa kidole: huu tayari, ule bado. Hakukosea hata mara moja. Nyegere walimfuata nyuma kama wanafunzi, wasije wakapanda mti bure.

Alionyesha kwa kidole kwa sababu porini, siku za mizinga, watu hawasemi. Anayesema anawaita nyuki, na nyuki wa Ugalla wa siku zile, mmoja akikuuma jioni, asubuhi uvimbe unaamka kabla yako.

Mwanawe wa pekee, Damiano, alikulia kwenye ukimya huo. Alimtazama baba yake miaka yote, akajijibu mwenyewe: mzinga mzito huenda pole, mtupu huenda mbio, na baba anapima mwendo kwa Salamu Maria. Hakuuliza. Nani anauliza jambo analoliona kwa macho yake?

Jambo hilo ndilo lililomwangusha Dar es Salaam.

Alikwenda huko mwaka wa sabini na tatu kusomea uinjinia. Fizikia ya mwaka wa kwanza ilifundishwa kwenye ukumbi wenye ngazi, wanafunzi wa sayansi na wa uinjinia wamerundikwa pamoja, na mwalimu kule chini alionekana mdogo kama kunguru. Damiano alikaa ngazi ya juu kabisa, mwisho wa benchi. Wenzake waliojuana tangu sekondari walikaa makundi makundi, wakicheka. Yeye hakujuana na mtu. Jumapili alipofua alilisemesha shati lake Kikonongo, lugha ya kwao, ulimi usije ukaota kutu. Asipoelewa somo alinyamaza. Kunyamaza alikujua vizuri.

Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka likaja swali la kitu kinachobembea kwenye kamba. Ukiongeza uzito, urefu wa kamba ukiwa uleule, muda wa kwenda na kurudi unabadilikaje? Kitabu kilisema haubadiliki. Damiano alikisoma, akakionea huruma, maana kitabu hakijafika Ugalla. Akaandika kwamba kizito huenda polepole zaidi, na juu ya jibu hilo akajenga mengine yote, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayeezeka nyumba isiyo na nguzo.

Akapewa barua: arudie mtihani wa fizikia mwezi wa sita. Akianguka tena, chuo basi.

Alirudi na treni mpaka Mpanda, barua kaishonea ndani ya bitana ya koti. Kijijini hakumwambia mtu. Wote walimwita Injinia. Jirani, Mama Pelagia, akamletea redio iliyokuwa bubu tangu Pasaka. Damiano akaifungua, akatoka mende mwenye ukubwa wa kiatu cha mtoto, na redio ikaanza kuimba papo hapo. Kijiji kizima kikashangilia. Na mtu anayeshangiliwa kwa sababu ya mende, atamweleza nani kwamba ameanguka?

Akaomba atangulie peke yake porini, kwenye kambi ya warina asali, ati kulinda mizinga. Huko alikaa wiki mbili na kitabu chake, moshi wake na sufuria yake. Kila alipofika ukurasa ule wa kamba alifunga kitabu. Ama mwongo ni kitabu, ama ni baba yake. Hakutaka kumpoteza hata mmoja.

Asubuhi moja, baridi ikiwa imewafungia nyuki ndani, akachukua ufito. Kwenye tawi moja palikuwa na mizinga miwili yenye kamba za urefu mmoja: mmoja mpya, haujaingiwa hata na nyuki mmoja, mwingine mzito mpaka tawi limeinama upande wake. Akausukuma ule mtupu, akahesabu mara kumi kwenda na kurudi, akisali. Akausukuma ule mzito vilevile. Sala ziliishia palepale. Akarudia. Palepale tena.

Akakaa chini. Ukiwa wa chuoni ulikuwa wa watu wasiomjua. Huu ulikuwa wa baba yake, mtu ambaye yeye alidhani anamjua kuliko wote.

Jua lilipopanda, Kalisti akafika na kifurushi cha ugali. Akauona ufito mahali usipokaa, akamtazama mwanawe.

"Baba," Damiano alisema, humohumo msituni, "yote miwili inakwenda sawa."

Mzee akamshika mkono, akamkokota mpaka mtoni, mbali na masikio ya nyuki, ndipo akamjibu.

"Inakwenda sawa, ndiyo. Nani kakwambia haiendi sawa?"

"Sasa uliojaa unaujuaje?"

"Mimi siangalii unavyokwenda. Naangalia utakavyosimama. Mtupu, upepo tu unauchosha, ukisukuma unasimama mapema. Uliojaa, unaweza kusali mpaka ukachoka wewe, wenyewe bado unabembea."

Wakarudi, wakaisukuma yote miwili. Mtupu ukalegea, ukatulia. Mzito uliendelea kubembea taratibu, kama bibi asiyetaka kutoka ngomani. Na kitabuni, sura ya mbele zaidi ambayo Damiano hakuifikia kwa hasira, hewa inayokichosha kitu kinachobembea ilikuwa imeandikwa.

Mtoni tena, mzee akauliza, "Miaka yote hiyo, mbona hukuniuliza?"

"Huku hatusemi, Baba."

"Nyumbani je? Nyumbani tunasema mpaka kuku wanahama."

Damiano akakata uzi wa bitana, akampa barua, akamweleza yote. Kalisti hakujua kusoma. Aliigeuzageuza, akaikunja vizuri kuliko alivyoikuta.

"Nenda ukarudie," alisema. "Na huko usipoelewa, usimnyamazie mwalimu wako kama ulivyoninyamazia mimi. Yule hana nyuki."

Mwezi wa sita Damiano alikwenda akarudia mtihani, akafaulu, akarudi nyumbani na majibu. Mama yake, Eufrazia, aliletewa habari zote mbili siku moja. Kwa ile ya kuanguka alimchapa mwanawe mwiko wa mgongo, kwa ile ya kufaulu akachinja jogoo, na mpaka jogoo anaiva alikuwa bado anauliza kwa nini yeye awe wa mwisho kujua.

Kisha treni tena, siku mbili za dirisha na vumbi. Ukumbi ulikuwa uleule, makundi yaleyale, benchi lilelile la juu. Mwalimu akaandika mstari ubaoni, akaupita haraka. Damiano hakuelewa. Midomo ikamcheza kidogo, kisha akanyoosha mkono. Vichwa mia mbili vikageuka kumtazama. Mkono ukakaa juu, peke yake, mpaka mwalimu alipouona.