Mgonjwa Asiyelalamika

Mukamurenzi aliposikia kwamba mgonjwa wake wa mtihani ni mama wa kwao kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi, alifurahi, kisha akaogopa. Akishindwa tena, mfadhili hatamlipia chuo cha uuguzi hapa Mbarara. Atarudi kambini kulima mahindi na mama yake.

Tangu mwaka wa kwanza walimu walipitisha mambo matatu katika kila somo: usafi, heshima na maumivu. Dawa zilifundishwa pamoja na maumivu, watoto pamoja na maumivu, uzazi vilevile.

"Maumivu ya chuo hiki ni kama matoke," rafiki yake Eliane alizoea kusema. "Asubuhi, mchana, jioni!"

Walicheka, kila mmoja akijiona amekwisha kuelewa.

Kisha ukaja ule mtihani wa kwanza. Mwanamke aliyepasuliwa alikuwa amelala kimya, Mukamurenzi akaandika: hana maumivu. Kwao, Wanyamulenge wa Kivu Kusini kule Kongo, mwanamke hujifungua bila kupiga kelele, na anayelia husemwa hadi uzeeni. Alimwona mgonjwa yule amelelewa vizuri. Mwalimu Mbabazi, Munyankole wa hapa Mbarara, akamfelisha.

"Umepima tabia, dada. Maumivu hukupima."

Sasa Mbabazi alikuwa nyuma yake tena, mikono mgongoni.

"Jambo, mama. Unasikia maumivu?"

"Hapana, mwana wangu. Niko muzuri."

Kalamu ikagusa karatasi. Mukamurenzi akaiinua. Mkono wa mama ulikuwa umefumbata pindo la shuka, vidole vimekakamaa.

"Geuka kidogo, nikutengenezee mto."

Mama akabana pumzi. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mukamurenzi akamwinamia.

"Hapa hakuna shangazi wa kukusema, mama. Ni mimi tu na huyu Munyankole, na yeye hajui batu ba kwetu."

Mama akacheka, na kicheko kikamchoma kwenye kidonda cha upasuaji.

"Inaniuma mingi," akanong'ona. "Tangu asubuhi."

Dawa ilipokwisha kumwingia na vidole vikaachia shuka, Mbabazi akaelekea mlangoni.

"Munyankole amesikia," akasema bila kugeuka. "Umepita."

Mukamurenzi akakaa kwenye ngazi za nje na kupiga simu Nakivale. Mama yake akapiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

"Na goti lako, mama?"

"Goti liko muzuri."

"Simama kwanza, nisikie."

Kiti kikalia. Ukasikika mguno, kisha kicheko.

"Eh! Ni vile banabafundisha kule?"

"Ndiyo, mama," akasema, akifuta machozi. "Asubuhi, mchana, jioni."