Hondohondo Aliyejiziba Mtini

Wiki mbili baada ya kuhamia Suji kutoka Bujumbura, nilikuwa bado sijatoka nje ya ua wa wakwe zangu. Kiswahili changu kilikuwa cha kubabaisha, na niliogopa kuchekwa. Asubuhi moja, nikiwa naanika nguo, kitu kilivuma juu ya paa kama upepo wa dhoruba. Nilitupa beseni nikakimbilia jikoni.

Mama mkwe hakucheka. Alinishika mkono, tukashuka hadi kwenye mti mkubwa nyuma ya kanisa. Ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa ajabu alikuwa ametua penye ufa wa shina, akimlisha matunda mwenzake. Huyo wa ndani alionekana ncha ya mdomo tu.

“Ni hondohondo. Yale yaliyovuma juu ya paa ni mabawa yake,” alisema mama.

“Nani kamfungia?”

“Kajiziba mwenyewe kwa udongo, mwanangu. Anaatamia. Akiwa tayari atatoka.”

Machozi yalinitoka.

Tukirudi, tulikutana na wazee wawili. Niliwaamkia kwa sauti, “Shikamooni!” Waliitikia, wakauliza tunatoka wapi.

“Kumwangalia hondohondo,” nilijibu mwenyewe.