Mhakiki wa Pili

Mwalimu Mwidani wa Likoni huzipima makala za jarida moja la sayansi ya jamii kabla hazijachapishwa. Sharti ni moja: mwandishi asimjue. Siri hiyo ameitunza miaka ishirini, hata mkewe hajui.

Jana jirani yake Nadira, mhadhiri kijana, alikuja amenuna. Makala yake juu ya mahamali wa Kongowea ilikuwa imerudishwa.

"Mhakiki wa kwanza kanisifu. Huyu wa pili, wallahi, hana huruma!"

"Pole, mwanangu," Mwidani akasema, akimmiminia kahawa. "Watu wengine wana roho ngumu. Wewe rekebisha tu lile jedwali la tatu, itapita."

Nadira akaweka kikombe chini. "Jedwali, mwalimu? Mbona sijakutajia jedwali lolote?"

Mwidani akainuka kwenda kutafuta sukari, iliyokuwa mbele yake.