Mkono wa Baba na Gari Lililochemka

Juzi, pale Komarock, nilimwona fundi akipapasa paipu za rejeta, kipoza-injini cha gari, kwa mgongo wa mkono, na wivu wa zamani ukanipanda.

Alasiri moja ya Jumapili, mbele ya nyumba yetu Kaloleni, gari la baba lilichemka. Mvuke ulinuka kutu. Homa zangu zilipimwa na mama. Baba hakuwahi kunigusa paji la uso. Lakini gari aliliinamia, akagusa paipu ya juu, kisha ya chini, polepole.

"Pole, mama," akaliambia.

Mama! Hivyo ndivyo alivyoniita mimi, bintiye.

Nikabandika paji langu kwenye bodi ya gari iliyochomwa na jua hadi likawaka, nikamwendea. "Baba, hata mimi nimechemka."

Akaniwekea mgongo wa mkono, ukinuka grisi. "Wewe huna shida, mama. Huyu juu anachoma, chini ni baridi. Maji hayazunguki. Thamostati inayoyafungulia njia imekwama, tutaing'oa."

Leo najua alikuwa akitafuta ugonjwa tu, si kumbembeleza mtu. Lakini ule mkono haukukaa kwangu. Ulirudi haraka kwa yule mama mwingine, gari.